Riwaya Haigawanywi Mafungu

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wenzangu, hamjambo?

Nimepewa nafasi ya kusema jambo moja kuhusu masomo yetu ya fasihi. Nimechagua lile ambalo wanafunzi tumekuwa tukilinong'ona kwenye korido tangu mwaka wa kwanza, yaani mawasilisho ya vikundi. Nalisema mbele ya walimu wangu kwa sababu kunong'ona hakujabadilisha kitu, na kwa sababu naamini kwamba wakilisikia kwa ukamilifu watalipima kwa haki.

Naomba nianze na kisa.

Muhula uliopita kikundi chetu cha watu sita kilipewa riwaya moja tuisome, kisha tuiwasilishe baada ya wiki tatu. Jina la riwaya si hoja leo. Siku hiyohiyo, kabla ya yeyote kati yetu kufungua ukurasa wa kwanza, tulisimama nje ya darasa kwa dakika kumi tukagawana. Mmoja akachukua maisha ya mwandishi na muhtasari. Mwingine wahusika. Mwingine dhamira na migogoro. Mwingine mandhari. Mwingine muundo na mtindo. Mimi nikabakiwa na matumizi ya lugha, yaani nitafute tashbihi, sitiari, methali na tanakali za sauti, nizipange kwenye slaidi mbili. Tukaagana tukatawanyika, kila mtu ameridhika. Tulijiona watu wenye mpango.

Nataka mwone lililotokea pale, maana wakati ule mimi mwenyewe sikuliona. Tulikuwa tumekigawana kitabu ambacho hatujakisoma. Tulijuaje kwamba kina mandhari ya kumtosha mtu mmoja kwa wiki tatu? Tulijuaje kwamba dhamira yake inatengana na muundo wake? Hatukujua. Tulichokuwa nacho ni ile orodha tuliyokaririshwa tangu sekondari, fani upande huu, maudhui upande ule, na orodha hiyo tukaishika kama kisu.

Mimi nilikisoma chote. Silisemi hili ili nisifiwe. Nilikisoma kwa sababu huwezi kujua sitiari imebeba nini kama hujui kisa kinaelekea wapi. Riwaya yenyewe inasimuliwa na mzee, katika nafsi ya kwanza. Katika sura ya kwanza anatuambia kwamba kaka yake mkubwa aliondoka nyumbani usiku wa manane, bila kuaga, na kwamba hakuna aliyemwona akiondoka. Maisha yote ya familia ile yanafuata kutoka hapo. Halafu, kwenye sura ya mwisho, mzee akiwa anazungumzia jambo jingine kabisa, anataja jinsi jua lilivyokuwa likimchoma kaka yake mgongoni alipokuwa akishuka njia ya bondeni. Sentensi moja tu. Hairudii wala haielezi. Mara ya kwanza niliipita. Mara ya pili mwili ulinisisimka. Jua, usiku wa manane? Na anayelikumbuka jua lililomchoma mtu mgongoni alikuwa amesimama wapi, kama si nyuma yake, anamtazama akienda?

Niliandika jambo hilo kwenye kundi letu la WhatsApp usiku uleule. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba hiyo ni ya mtu wa wahusika. Mtu wa wahusika akasema sura ya mwisho ni ya mtu wa muundo. Mtu wa muundo akasema slaidi zake ameshazimaliza. Mwingine akauliza kama zangu nimeshazituma, maana anayeziunganisha anazisubiri. Nikazituma. Zilikuwa na tashbihi 14, kila moja na namba ya ukurasa wake. Juu ya msimulizi aliyetudanganya kitabu kizima hapakuwa na neno hata moja, kwa sababu uongo wake haukuangukia kwenye fungu la mtu yeyote.

Siku ya kuwasilisha tulikuwa na dakika 20. Maisha ya mwandishi yalikula nane: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akatunukiwa. Muhtasari ukala tano, ukisomwa neno kwa neno kutoka ukutani, msomaji ametupa mgongo. Zamu yangu ilipofika, mwalimu alikuwa ameshanyoosha vidole viwili kutuonyesha dakika zilizobaki. Nikasoma tashbihi nne. Ndipo mwalimu akatuuliza swali moja, na nalikumbuka mpaka leo kwa sababu ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani. Alisema: "Kwa nini kila jambo zito katika riwaya hii linatokea usiku?"

Tulitazamana, watu sita. Mtu wa mandhari akajibu kwamba mwandishi alitaka kuonyesha mandhari ya usiku. Kisha kimya. Mimi nilikuwa na jibu, limeandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya daftari nililokuwa nimelishika. Lakini swali lilikuwa la mandhari na mimi ni mtu wa lugha, muda ulikuwa umekwisha, na niliogopa kumwaibisha mwenzangu mbele ya watu. Nikanyamaza. Darasa likapiga makofi. Tulipata alama 68, sote sita, sawasawa.

Ukimya ule ndio ulionisimamisha hapa leo.

Nafahamu kwamba mwanafunzi akilalamikia kazi ya kikundi, watu husikia lalamiko moja tu: wapo wanaofanya kazi na wapo wadandiaji. Na kweli wapo. Hilo limechunguzwa kwa zaidi ya miaka mia. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa aitwaye Max Ringelmann alipima nguvu za watu wakivuta kamba, mmoja mmoja kisha kwa pamoja, na mwaka 1913 akachapisha matokeo yake. Kadiri watu walivyoongezeka kwenye kamba, ndivyo kila mmoja alivyotoa nguvu pungufu, na walipofika wanane mchango wa kila mmoja ulishuka hadi karibu nusu. Mwaka 1979 wanasaikolojia wa Marekani, Bibb Latané na wenzake wawili, waliwafunga watu vitambaa machoni, wakawavisha vipokea sauti masikioni, wakawaambia wapige kelele kwa nguvu zao zote. Aliyeamini kwamba anapiga kelele pamoja na wengine watano, ingawa kwa kweli alikuwa peke yake, alitoa takriban robo tatu ya kelele aliyotoa alipojua yuko peke yake. Hakuna aliyemzuia wala aliyemgonga kiwiko. Dhana tu kwamba wapo wengine ilitosha kumpunguza.

Miaka miwili baadaye watafiti haohao wakaonyesha jambo ambalo naomba walimu wangu waliweke akilini, nitalirudia. Watu walipojua kwamba sauti ya kila mmoja inapimwa na inajulikana ni ya nani, ule upungufu uliondoka.

Lakini naomba radhi kwa wenzangu ambao wangependa niendelee na wadandiaji. Sitaendelea nao sana, kwa sababu mbili. Ya kwanza, nimewahi kumwita mtu mdandiaji na nikakosea. Mwenzetu mmoja, katika kazi nyingine kabisa, hakuja kwenye vikao vyetu vitatu mfululizo. Tulimsema vibaya, tukafikia kupendekeza jina lake lifutwe. Baadaye nikajua kwamba alikuwa akimuuguza mzazi hospitalini na alikuwa akisoma kile kitabu pembeni ya kitanda, kwa mwanga wa simu. Alikuwa amekisoma kuliko sisi sote. Hatukumuuliza amekisoma au la. Tulimuuliza slaidi zake ziko wapi. Nilimwomba msamaha, na hapa namwomba tena.

Sababu ya pili ndiyo kubwa. Kamba ile ya Ringelmann ilikuwa na sifa moja ambayo kazi yetu haina: wote waliishika kamba ileile. Hata mvivu kuliko wote alijua inavutwa kuelekea wapi. Sisi sita tulivuta kamba sita. Kila mmoja alivuta kwa bidii ya kutosha, slaidi zikatoka nzuri, rangi zikapatana, na bado riwaya ikabaki pale chini haijaguswa. Tungekuwa na bidii mara mbili zaidi tungeligawa fungu kwa umahiri mara mbili zaidi. Kasoro ilikuwa kwenye ule mgawo wenyewe.

Wapo watakaoniambia kwamba kugawana ni njia ya kujifunza inayosifiwa na wataalamu. Ni kweli, na sitaki kuikwepa hoja hiyo. Mwaka 1971, katika mji wa Austin huko Texas, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake walibuni mbinu ya kuligawa somo vipande kama fumbo la kuunganisha picha. Shule za mji ule zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto Weusi, wa Kilatino na Wazungu, na madarasani kulikuwa na uhasama. Kila mtoto kikundini akapewa kipande kimoja cha somo, tuseme miaka fulani ya maisha ya mtu mashuhuri, akawa ndiye mwalimu wa kipande hicho kwa wenzake. Ili ufaulu ilikubidi umsikilize mtoto ambaye jana ulimdharau. Ilileta kheri, na mimi naiheshimu.

Tazameni lakini walichokigawana. Habari za maisha ya mtu zinagawanyika kwa sababu ni habari. Mtoto mwenye utoto wa shujaa akimsikiliza vizuri mwenye uzee wake, anapata kitu kilekile ambacho angepata kwa kusoma mwenyewe. Na kila mmoja alipimwa peke yake juu ya somo zima, pamoja na vipande vya wenzake. Sisi tulichukua kisu cha mbinu ile tukaiacha mizani yake.

Kazi ya fasihi haina habari za kugawana namna hiyo. Chukueni shairi la tarbia, lile la mishororo minne kwa ubeti, ambalo sote tulilisoma tukiwa wadogo. Mshororo wa mwisho mara nyingi ni kibwagizo, unarudi uleule katika kila ubeti, haupungui neno. Katika ubeti wa kwanza unausikia kama kauli ya kawaida. Katika wa tatu, kwa sababu ya mishororo mitatu iliyoutangulia, kauli ileile imekuwa kejeli. Katika wa saba imekuwa kilio. Maneno hayakubadilika, umebadilika wewe uliyepita beti sita kufika pale. Sasa niambieni, mkiligawana shairi hilo watu saba, ubeti mmoja kwa kila mtu, kibwagizo ni cha nani? Kila mmoja atakieleza, na maelezo yote saba yatakuwa sahihi, na shairi halitakuwemo katika hata moja.

Na afadhali mgawane beti kuliko mgawane vipengele kama tulivyofanya sisi. Aliyepewa vina na mizani atahesabu mizani, yaani silabi, 16 kwa kila mshororo wa ubeti wa kwanza, nane ukwapi, nusu ya mwanzo, na nane utao, nusu ya pili, atapata hesabu kamili, atakaa chini. Hatajua kwamba katika ubeti wa tano mshororo mmoja umepungukiwa, na kwamba umepungukiwa pale ambapo msemaji wa shairi anashindwa kulitaja jina la marehemu. Au ataliona pengo ataliita kosa la mtunzi. Mwenye dhamira ya kifo, kwa upande wake, atasema shairi lina huzuni. Ile huzuni ilikuwa ndani ya mzani uliokosekana, na wao wawili walikutana mara moja tu, kwenye slaidi.

Nimeambiwa pia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Sikatai. Mimi si mtu wa kujifungia chumbani na kitabu, na sidai kwamba nilichokiona peke yangu ndicho chote. Nimefundishwa mambo na wenzangu ambayo nisingeyaona hata ningesoma mara kumi. Kuna siku tulikuwa tumekaa watu watatu baada ya kipindi, hatuna kazi ya kuwasilisha, na mmoja akasema kwamba yule mhusika ambaye sote tulimwona katili yeye anamwonea huruma. Tulimpinga. Akafungua kitabu akatusomea aya moja. Mimi nikamsomea nyingine. Tulibishana mpaka mlinzi akaja kufunga jengo. Nilirudi nyumbani nimebadilisha mawazo kuhusu mhusika yule, na sijayarudisha hadi leo. Kwa saa zile mbili hakuna aliyekuwa na fungu. Kila mmoja alikuwa na kitabu kizima kichwani, na ndiyo maana tuliweza kupingana.

Ushairi wetu wa Kiswahili unaijua sana njia hii. Upo ushairi wa kujibizana: mshairi mmoja anatoa hoja au fumbo kwa beti zake, mwingine anamjibu kwa bahari ileile, yaani umbo lilelile la shairi, wakati mwingine kwa vina vilevile, na wa tatu anaingia kuwapinga wote wawili. Sijawahi kusikia washairi wakigawana fumbo, wewe fumbua nusu hii, mimi nusu ile. Kila anayejibu analibeba fumbo lote, analifumbua kwa akili yake, na anatia jina lake kwenye beti za tamati ili ajulikane nani kasema nini. Huo nao ni ushirikiano, na kwangu mimi ndio ushirikiano unaofaa darasa la fasihi. Washairi wale walitegemeana sana. Bila wa kwanza, wa pili hana la kujibu.

Basi nimekuja na ombi, na nitalisema wazi.

Walimu wangu, msitufutie vikundi. Tuachieni tukutane, ila tukutane tukiwa tumekwisha kusoma. Kabla ya kikao cha kwanza cha kikundi, kila mmoja aandike ukurasa mmoja kwa mkono wake: nimekisoma chote, hiki ndicho nilichokiona, na hapa ndipo sikuelewa. Ukurasa huo muuchukue nyinyi kwanza. Hauhitaji alama nyingi, hata chache zinatosha, ilimradi una jina la mtu mmoja juu yake. Nilisema nitarudia lile la watafiti: sauti ikijulikana ni ya nani, upungufu unaondoka. Mdandiaji hahitaji kufukuzwa. Ukurasa wake mtupu utasema naye. Na yule anayemuuguza mzazi wake ataonekana kwamba alisoma, hata kama hakuwahi kufika kikaoni.

Vikundi viwe vya watu watatu. Watu sita hawawezi kubishana juu ya aya moja. Wanaweza tu kupangiana zamu. Na siku ya kuwasilisha, msituache tuchague nani aseme nini. Mwulizeni yeyote kati yetu swali lolote la sehemu yoyote. Mwacheni mtu wa mandhari, kama bado atakuwepo, ajibu kuhusu wahusika. Tukijua hivyo tangu siku ya kwanza hatutathubutu kugawana, maana fungu halitamwokoa mtu.

Maisha ya mwandishi naomba yafutwe kabisa kwenye mawasilisho, isipokuwa pale mwanafunzi anapoweza kuonyesha kwamba yanaigusa aya fulani. Dakika nane zile bado zinaniuma.

Na badala ya kutuomba tuwasilishe riwaya, mtuombe tuwasilishe jambo ambalo hatukukubaliana. Tusimame watatu, mmoja aseme msimulizi anasema kweli, mwingine aseme anadanganya, wa tatu aonyeshe kwa nini kitabu kinawaruhusu wote wawili. Darasa litasikiliza, kwa sababu nalo litakuwa na upande. Leo halisikilizi. Naomba tuukubali ukweli huu bila kulaumiana: kikundi cha tano kinapowasilisha, cha sita kinasoma slaidi zake chini ya meza, na cha nne kimeshapumua kinaangalia simu. Tunapiga makofi kwa sababu mwenzetu amemaliza.

Najua gharama ya ninachokiomba. Darasa letu ni kubwa, kurasa zitakuwa nyingi, na mwalimu mmoja ana macho mawili. Wapo kati yenu ambao mawasilisho ya vikundi yamewaokoa kutokana na mzigo wa kusahihisha usiopimika, na mimi sina haki ya kulidharau hilo. Lakini kusoma ukurasa mmoja ulioandikwa na mtu aliyeshangaa kwa kweli ni kazi nyepesi kuliko kukaa saa nne mkisikia orodha za tanakali za sauti. Mnachoka nazo. Huwa tunawaona kutoka kule mbele.

Mwaka 1929 mhakiki wa Uingereza, I. A. Richards, aliyekuwa akifundisha Cambridge, alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya darasani. Aliwapa wasomaji wake, wengi wao wanafunzi wa fasihi, mashairi 13 bila majina ya watunzi, akawaomba wayasome zaidi ya mara moja, kila mtu kwa wakati wake, kisha waandike walichokiona. Walichoandika kilimshtua. Watu waliosifika kwa usomi walishindwa kupata hata maana ya wazi ya sentensi. Walisifu kilicho chepesi, wakakataa kilicho kizuri, wakaingiza kumbukumbu zao mahali ambapo shairi halikuziita. Kitabu chake kimejaa makosa yao, na ualimu wa fasihi ulinufaika nayo kwa miaka mingi, kwa sababu kila kosa lilikuwa na mtu wake na njia yake. Aliweza kuona mahali hasa ambapo msomaji aliteleza.

Makosa yetu sisi hayaonekani. Yamelainishwa na watu sita kabla ya kuwafikia. Mimi nataka nikosee kwa jina langu, mwalimu anione nilipoteleza, aniambie. Sikuja kusoma fasihi ili nipate 68 ambayo sijui ni ya nani.

Wanafunzi wenzangu, nina neno nanyi pia, fupi. Hakuna mwalimu aliyetuamuru tugawane kabla ya kusoma. Tulipenda wenyewe, kwa sababu ilikuwa rahisi na ilifanana na haki. Mtu akiwaandikia kwenye kundi usiku kwamba ameona jua mahali palipotakiwa kuwa na giza, msimwambie hilo ni la nani. Fungueni ukurasa anaoutaja.

Ndugu Mwenyekiti, naona muda wangu unakwisha, na mara hii sitanyamaza kabla ya kujibu. Mwalimu aliyetuuliza swali lile yupo hapa ukumbini, na ninayo karatasi ileile.

Mwalimu, ulituuliza kwa nini kila jambo zito katika riwaya ile linatokea usiku. Nilikuwa na tashbihi 14. Kumi na moja kati yake ni za giza: nyumba nyeusi kama chungu, mama yake akilia kama mtu aliyepotea usiku, hata arusi yake mwenyewe, iliyofungwa asubuhi, anaielezea kama mwezi uliofunikwa. Mwandishi hakuuweka usiku kwenye kitabu kile. Usiku ni wa msimulizi. Kaka yake aliondoka mchana, watu wanaona, na yeye alikuwa amesimama mlangoni, akamtazama mgongo mpaka akaishia bondeni, asimwite. Tangu siku hiyo kila kitu anachokikumbuka anakifunika giza, kwa sababu gizani hakuna anayeweza kuulizwa kwa nini hakuita. Amefanikiwa kufunika kila mahali isipokuwa ile sentensi moja ya jua, ukurasa wa tatu kutoka mwisho. Hilo ndilo jibu langu. Nadhani kuna tashbihi mbili zinazolipinga, na ningependa kuzisikia kutoka kwa mtu mwingine aliyeisoma yote.

Asanteni kwa kunisikiliza.